Mafuta ya nazi yameingia ladha ya sabuni, nani kayala kabla yangu?

#1 BintWete
Asalaam alaykum wanajamvi. Mie nakamua mafuta ya nazi nyumbani hapa Wete, nauza kwa majirani na wengine huchukua kupeleka Unguja. Mwezi uliopita tulikuna nazi 120, mie na mdogo wangu na mbuzi mbili, vidole vyote tuliviwekea plasta, tui likalala usiku mmoja, asubuhi nikalipika kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga, nikayachuja kwa kitambaa nikayatia kwenye dumu la lita 10, halikujaa. Siku za mwanzo mazuri mno, yananukia nyumba nzima. Wiki ya tatu mteja karudisha chupa, nami nikatia kijiko mdomoni nikaona kweli, SABUNI. Si harufu khasa, ni ladha, na yanakwaruza koo. Binamu yangu ananambia kuna vidudu vina kimeng'enya kinaitwa lipesi, ndicho kinachokula mafuta, na ati viwandani wanakinunua kwa pesa. Sasa mie nauliza mawili: ni kweli? Na kama ni kweli, nani mwenye akili zake anunue kitu cha kuharibu mafuta?

#2 Yakhe_Gombani
Waalaykum salaam. Dumu lilikuwa la nini kabla?

#3 MamaPacha_Fuoni
Kijicho hicho shoga. Mafuta mazuri yananukia nyumba nzima na majirani wote wamejua, ulitegemea nini.

#4 Mgeni_wa_Bara
Samahani wakuu, hao mbuzi wawili kazi yao ilikuwa nini?

#5 Yakhe_Gombani
@Mgeni_wa_Bara hahahaha karibu visiwani. Kasema mbuzi MBILI, hakusema wawili. Kile kigoda cha kukunia nazi chenye meno mbele. Huko kwenu mnatumia nini, kucha?

#6 KemiaMjini
Dada BintWete binamu yako hajakosea. Mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya ng'ombe, ya samaki, ni kipande cha gliserini kimeshikwa na asidi za mafuta tatu. Zikiwa zimeshikana hivo ulimi hauzijui. Lipesi kazi yake ni kukata pale kwenye kiungo, na ili ikate lazima yawepo maji, mana maji yenyewe yanaingia kwenye ule mkato. Zikishakatwa zinabaki asidi huru, na hizo ndo ulimi unazijua. Kwenye nazi karibu nusu ya asidi zote ni asidi ya lauriki, na hiyo ndo asidi inayofanya sabuni ya nazi itoe povu jingi. Kwa hiyo ulimi wako haukusema uongo, ila kwa haki si sabuni bado, sabuni ni asidi hiyo hiyo ikishakutana na kostiki, ile alkali kali ya kutengenezea sabuni.

Bakteria wengi na kuvu nyingi wanatoa lipesi, wanaimwaga nje ya mwili wao, mana tone la mafuta ni kubwa hawawezi kulimeza, wanalikatakata kwanza halafu wanafyonza.

Hilo la viwanda ni refu, nitarudi baada ya isha.

#7 MzeeWaMbata
Mwanangu BintWete hongera kwa kazi. Mie nimekaa na mbata tangu nasoma skuli, marehemu baba alikuwa na jukwaa la kukaushia, moto wa vifuu chini, nazi zilizopasuliwa juu. Nazi mbichi nusu yake karibu ni maji, mbata ya kuwekwa haitakiwi izidi asilimia 6. Sisi kipimo hatukuwa nacho, tulikuwa tunaivunja sikioni. Ikisema kak, imekauka. Ikikunja kama ngozi, rudisha motoni. Ile isiyokauka ukiiweka gunia wiki mbili unafungua unakuta rangi zote, nyeusi, kijani, manjano, na mafuta yake yanatoka ya kahawia na machungu. Ile ya manjano kijani usimpe hata kuku chicha yake, ina sumu, wataalamu wanaiita aflatoksini.

Lakini wewe hukutumia mbata, ulitumia nazi. Kwa hiyo nakuuliza, nazi zako zilikaa muda gani chini? Zilikuwa zimeota?

#8 BintWete
Shikamoo mzee. Kusema kweli kama 20 hivi zilikuwa zimeota. Watoto waligombania joya, lile bonge laini la ndani ya nazi iliyoota, mpaka wakapigana.

#9 MzeeWaMbata
Marahaba. Basi hapo hapo. Joya linakula nini unafikiri? Mche ule hauna mizizi ya maana, hauna majani, unajengwa na nini kama si ile nyama ya nazi? Joya linaanza kama kifundo cha kidole likaja likajaa tundu zima, na ukilitoa ukipapasa nyama iliyobaki unaiona imekuwa laini inateleza, haikwaruzi tena kwenye mbuzi. Mafuta yamekwisha vunjwa hapo, na si vidudu, ni mnazi wenyewe. Mnazi nao una lipesi yake. Zamani bibi zetu walikuwa wakisema nazi iliyoota haitoi tui, ndo maana yake.

#10 KemiaMjini
Mzee nakuvulia kofia lakini pana kitu hakikai sawa. Kama ni joya, uharibifu ulikuwa ndani ya nazi kabla ya kukunwa. Basi mafuta yangetoka na ladha ya sabuni siku ile ile. Yeye anasema wiki mbili za mwanzo yalikuwa mazuri. Kitu kimeendelea kufanya kazi NDANI ya dumu. Mie nasema ni maji. Dada ulipoyatoa motoni yalikuwa yamenyamaza au bado yanachemka chemka kwa chini?

#11 BintWete
Yalikuwa yanalia kidogo. Gesi iliisha.

#12 KemiaMjini
Ahaa.

#13 MzeeWaMbata
Ahaa ya nini? Mafuta mazuri unayaonja yakiwa na moto na harufu ya nazi imeziba kila kitu. Huwezi kusema siku ya kwanza hayakuwa nayo, unasema hukuisikia. 100 safi na 20 mbovu, ladha inajificha mpaka harufu ya nazi ipungue.

#14 MamaPacha_Fuoni
Jamani nacheka lakini hili la sabuni limenigusa. Nilipojifungua pacha nikarudi kazini baada ya miezi mitatu nikawa nakamua maziwa naweka friza. Siku ya kwanza naipasha, mtoto mmoja kanywa, mwengine kageuza uso kama kapewa shubiri. Nikaonja mwenyewe. Sabuni! Nilimwaga chupa nane nalia. Nikamtuhumu dada wa kazi hasuuzi vizuri, masikini, nikamgombeza bure kumbe hana kosa. Mkunga mmoja ndo akanambia baadae kuwa ni kawaida, wanawake wengine maziwa yao yakikaa yanajivunja mafuta. Kwa hiyo na mie nilikuwa na vidudu?

#15 Mkunga_Mstaafu
@MamaPacha_Fuoni hapana mwanangu, hayo si ya vidudu, ni lipesi yako mwenyewe. Maziwa ya mama Mungu kayatilia kabisa kimeng'enya cha kumsaidia mtoto kusaga mafuta, mana kongosho la mtoto mchanga bado halina nguvu. Kwenye friji na kwenye friza inaendelea taratibu. Mtoto akiyanywa hayamdhuru, basi tu ladha. Anayekataa, mama anayapasha maziwa mara tu baada ya kuyakamua, mpaka yaanze kutoa vipovu pembeni ya sufuria, yasichemke, halafu anayapoza haraka na kuyagandisha. Moto unainyamazisha. Yakishaingia ladha lakini huwezi kuyarudisha.

#16 MamaPacha_Fuoni
Chupa nane bibi. NANE.

#17 Mgeni_wa_Bara
Mimi naona sasa kila kitu ni lipesi humu. Siagi ikioza kwetu inanuka matapishi, hainuki sabuni. Hiyo nayo lipesi?

#18 KemiaMjini
@Mgeni_wa_Bara swali zuri kuliko lile la mbuzi. Ndio, ni ile ile, tofauti ni urefu wa asidi. Mafuta ya maziwa yana asidi fupi, ile ya butiriki ndo harufu ya matapishi na siagi mbovu. Ya nazi nyingi zina urefu wa kati, zinaleta sabuni. Na utacheka, kuna asidi tatu ndugu, ya kaproiki, kapriliki na kapriki, zote zimepewa jina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi, mana ndo harufu ya beberu. Na za kapriliki na kapriki zimo ndani ya mafuta ya nazi. Kwa hiyo mbuzi wako wawili walikuwamo.

#19 Yakhe_Gombani
Hahahaha imekula kwetu.
BintWete hujajibu, dumu lilikuwa la nini?

#20 MzanzibariMuscat
Nimeuona uzi huu kwa kuchelewa. Lile swali la pili la dada, nani ananunua kitu cha kuharibu mafuta. Jibu: dobi! Wewe unataka mafuta yakae, yeye anataka yatoke.

Sabuni za unga nyingi za kisasa zina vimeng'enya ndani, vya kula damu na mayai, vya kula wanga, na vya kula mafuta. Mwaka 1913 Mjerumani Otto Röhm alisajili wazo la kutia vimeng'enya vya kongosho la mnyama kwenye sabuni ya kufulia, lakini ile ilikuwa ya protini. Ya mafuta imekuja nyuma sana, 1988, kampuni ya Denmark ikiitwa Novo Industri walitoa Lipolase, lipesi ya kutia kwenye sabuni. Waliitoa kwenye kuvu anayependa joto, Thermomyces lanuginosus, anaishi kwenye marundo ya majani yanayooza yakapata moto, ila kuvu yule alikuwa anatoa kidogo mno, hailipi. Wakachukua jeni lake wakalihamishia kwa kuvu mwengine, Aspergillus oryzae, yule ambaye Wajapani wanamtumia kutengenezea mchuzi wa soya, huyo anamwaga kwa ndoo. Ndo ikawa biashara.

#21 Dobi_Mkunazini
Sheikh MzanzibariMuscat kwa heshima, mie nafua kanzu za watu mwaka wa 17 huu na hizo sabuni za vimeng'enya naona ni maneno tu. Kila baada ya Maulidi naletewa kanzu nyeupe pe na doa la samli ya biriani hapa kifuani, pale pale, kila mtu pale pale, kama wameambizana. Nimechemsha maji yakatokota nikatia sabuni ya ghali, doa limebaki linanitazama. Nikarudi kwenye kipande cha sabuni ya mche na kidole gumba.

#22 MzanzibariMuscat
Ulichemsha? Basi ulizipika. Kimeng'enya ni protini, ni kama ute wa yai, maji ya kutokota yanaiua kabla haijaona doa. Maji ya uvuguvugu, unayoweza kutia mkono, na uache nguo ilowe saa nzima au zaidi. Na usitie jiki pamoja, klorini nayo inaimaliza.

#23 Dobi_Mkunazini
Haya nitajaribu kwenye kanzu yangu kwanza siyo ya mtu.

#24 KemiaMjini
Kuongezea hapo, Lipolase ile ya mwanzo ilikuwa na kituko chake. Ndani ya maji mengi ilikuwa haifanyi kazi sana, khasa ilikuwa inakata mafuta nguo ikiwa KAMBANI inakauka, unyevu umepungua. Kwa hiyo doa lilikuwa linavunjwa baada ya kufua mara ya kwanza na linatoka ukifua mara ya pili. Waliona ajabu mpaka wakaelewa, halafu miaka ya baadae ndo wakatengeneza zinazofanya kazi mfuo wa kwanza. Sababu lipesi ina kama kifuniko juu ya mdomo wake. Ikiwa ndani ya maji matupu kifuniko kimefungwa. Ikigusa ukingo pale maji na mafuta yanapokutana, kinafunuka. Kama duka wakati wa swala, mwenye duka yumo lakini mlango umerudishwa.

Ndo mana naendelea kumuuliza dada juu ya maji chini ya dumu. Mafuta matupu yaliyokauka hayana ukingo. Weka kijiko kimoja cha maji chini, ushaweka ukingo.

#25 MzeeWaMbata
Na hiyo lipesi ndani ya dumu imetoka wapi kama tui lilipikwa? Si umesema sasa hivi moto unaziua? Unajipinga mwenyewe kijana.

#26 KemiaMjini
Mzee umenibana, lakini si zote. Maziwa ya kiwandani hupata shida hiyo hiyo: wanayaweka kwenye baridi, bakteria wanaoitwa Pseudomonas wanapenda baridi, wanazaliana na kumwaga lipesi, halafu maziwa yanapitishwa kwenye moto mkali, hata wa nyuzi 140 kwa sekunde chache, bakteria wanakufa wote ila sehemu ya lipesi zao inabaki hai. Pakiti imefungwa, haina kidudu hata kimoja, na bado baada ya miezi ladha inaharibika. Aliyetenda kafa, kisu kimebaki.

Na tui la dada lililala usiku mmoja kwenye joto la Wete. Usiku mmoja bakteria wanafika mbali.

#27 Mwani_Paje
Samahani kuingilia, hilo la kulaza tui si kosa, wengi wanafanya makusudi. Kwenye kikundi chetu tunatengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi tunayakamua kwa kulaza, bila moto kabisa, asubuhi unakuta tabaka tatu, maji chini, mafuta, na utando juu. Yanachachuka kidogo, ile chachu ndo inaachanisha mafuta na maji. Yetu hayaingii ladha mbaya hata kwa miezi. Kwa hiyo kama kulaza kungekuwa ndo sababu sisi tungekuwa tumeshafunga.

Na mafuta yaliyoingia ladha usiyamwage dada, sisi tunayachukua. Ila nayajua nikiyatia kostiki, yanashika haraka mno, hujakoroga vizuri ushapata uji mzito, mana asidi ziko huru tayari. Bei tutaelewana.

#28 BintWete
@Mwani_Paje nitakuja kwa faragha. Kumbe hasara imepata mnunuzi.

#29 Ustadh_Malindi
Nauliza la kwangu. Jibini inayouzwa madukani nimesoma kwenye karatasi imeandikwa lipase. Hiyo inatoka wapi? Mana nasikia nyengine zinatoka kwenye mnyama.

#30 MzanzibariMuscat
Ustadh ziko za aina mbili. Kuna ya mnyama, ya mwanambuzi, mwanakondoo au ndama, inatolewa sehemu ya koo na ulimi, Wataliano ndo wanaoipenda kwa jibini kali. Na kuna ya kuvu, Rhizomucor miehei, hiyo haina mnyama. Jina kwenye karatasi ni moja, wakati mwengine wanaandika tu neno hilo bila kusema ipi. Ila cha kuangalia zaidi ni dawa, vidonge vya vimeng'enya wanavyopewa watu ambao kongosho lao limeharibika, vile vingi vinatoka kongosho la nguruwe.

#31 Ustadh_Malindi
Jazakallah. Dawa ina mlango wake kwa mwenye dharura. Jibini haina dharura. Na huyo kuvu analishwa nini huko kiwandani, nayo ni suala.

#32 Yakhe_Gombani
Ustadh mie jibini siili kabisa nimeokoka.

#33 FundiBomba_Nungwi
Mie naona mmesahau walipo hao lipesi kwa wingi. Njooni niwafungulie shimo la jiko la hoteli. Juzi nimeitwa mahali, maji yamerudi mpaka kwenye sinki la kuoshea sahani. Nimefungua chemba, nilitegemea mafuta, mafuta ya kukaangia, ukipapasa yateleze. Hakuna. Kuna kitu cheupe kigumu kama chokaa, nimekipiga kwa patasi kinatoka vipande, ukikisugua kinanuka sabuni mbovu. Urefu wa mkono wangu wote bomba limeziba, katikati pamebaki tundu la kidole. Mwenye hoteli alikuwa akimwaga humo unga wa bakteria kila wiki, ameuziwa ati unakula mafuta, na ananigombeza mie, ananambia fundi bakteria zangu zimekufa. Nikamwambia hazikufa bosi, zimefanya kazi nusu.

#34 KemiaMjini
Fundi umesema jambo kubwa. Lipesi inakata mafuta kuwa asidi. Kama hakuna wa kuzila asidi hizo, na maji yetu haya ya mawe ya matumbawe yamejaa kalsiamu, zinashikana na kalsiamu zinakuwa sabuni ngumu isiyoyeyuka. Ndo ile ile unayoiona ukioga kwa maji ya kisima, sabuni haitoi povu, inaacha ukoga kwenye beseni. London mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel walikuta pande moja la namna hiyo urefu mita 250, tani 130.

#35 FundiBomba_Nungwi
Tani 130! Na mie nalipwa elfu 30 nilalamike.

#36 MpishiJambiani
Ila fundi na chokaa ya saruji ya chemba yenyewe inachangia. Sisi mafuta ya kukaangia hatumwagi tena, tunayaweka kwenye pipa. Kuna mtu alikuja anataka kuyafanya dizeli, akaleta kostiki na methanoli, akachanganya, akapata pipa zima la uji wa sabuni. Akaondoka usiku hakuaga.

#37 KemiaMjini
@MpishiJambiani mafuta yaliyokaangiwa sana yana asidi huru nyingi, kostiki inazishika kwanza, unapata sabuni badala ya dizeli. Hapo ndo lipesi inaingia tena viwandani, yenyewe haijali asidi huru, inageuza zote. Ila methanoli ikizidi inaiua, lazima itiwe kidogo kidogo, na lipesi yenyewe ni ghali.

#38 Mgeni_wa_Bara
Subirini. Umesema inakata mafuta. Sasa inatengeneza?

#39 MzanzibariMuscat
Inategemea maji. Maji mengi, inakata. Maji ukiyaondoa karibu yote, inaanza kuunganisha. Kisu kile kile kinakuwa sindano. Unilever miaka ya 1970 walitumia ujanja huu, wakachukua mafuta ya mawese, lipesi inayogusa asidi za pembeni tu na kuacha ya katikati, wakabadilisha zile za pembeni mpaka yakawa kama siagi ya kakao, inayoyeyuka mdomoni. Na MamaPacha hili lako: kwenye maziwa ya mama asidi ya palmitiki nyingi imekaa katikati, kwenye mafuta ya mimea imekaa pembeni, basi maziwa ya kopo mengine wanatumia lipesi kuipeleka katikati ili yafanane na yako.

Na lipesi inayopendwa kuliko zote kwa kazi za kuunganisha imetoka kwa hamira iliyookotwa ziwa Vanda, huko Antaktika kwenye barafu. Ukiibandika kwenye chembe za plastiki inafanya kazi mpaka nyuzi 60 na zaidi. Katoka barafuni anafanya kazi jikoni.

#40 Mgeni_wa_Bara
Kama mimi nilivyotoka Njombe nikaja Darajani.

#41 Kitambi_Kwanza
Wadau na ile dawa ya kupunguza mwili mbona hamjaisema, si nayo ya lipesi?

#42 Mkunga_Mstaafu
Hiyo ni kinyume, orlistat inaizuia lipesi ya tumboni, karibu theluthi ya mafuta unayokula hayasagwi, yanapita. Na asili yake imetoka kwa bakteria wa udongo, Streptomyces toxytricini. Isinunuliwe bila daktari.

#43 Kitambi_Kwanza
Yanapita vipi?

#44 Yakhe_Gombani
Yanapita kaka. Usivae kanzu nyeupe.

#45 Dobi_Mkunazini
Asiniletee mie.

#46 MwalimuChake
Nimesoma uzi wote, mmesahau mwenye kugundua. Lipesi ya bakteria ilielezwa 1901 na Mholanzi Eijkman, yule yule wa ugonjwa wa beriberi na mchele uliokobolewa kule Java, aliyekuja kupata Nobel 1929.

#47 KemiaMjini
Maalim, lipesi ni Claude Bernard, Mfaransa, miaka ya 1840, alionesha maji ya kongosho yanavunja mafuta.

#48 MwalimuChake
Ndo nikaandika YA BAKTERIA. Soma kijana.

#49 BintWete
Assalam jamani, samahani nilikuwa na msiba Konde. Nimerudi na majibu. Nilipika tena nazi 40, zote safi hakuna iliyoota, nikazigawa. Chupa moja nimeikausha motoni mpaka ikanyamaza kimya. Chupa ya pili nimeitia kijiko cha maji makusudi. Chupa ya tatu nimepika na nazi 5 zilizoota peke yake. Leo siku ya 24. Ya kwanza nzuri. Ya maji nzuri pia!! Ya nazi zilizoota ina ladha kidogo, lakini mdogo wangu anasema hana anachosikia, mume wangu anasema zote tatu sabuni, huyo hata chai anasema sabuni.

#50 MzeeWaMbata
Nilisema.

#51 KemiaMjini
Siku 24 hazitoshi, na kama chupa uliziosha kwa maji ya moto, maji peke yake bila lipesi hayafanyi haraka. Peleka maabara wapime asidi, ni dakika kumi, tone la rangi na kostiki ya kipimo. Mafuta ya nazi ya asili kiwango cha kimataifa cha asidi mwisho ni 4, yaani miligramu 4 za kostiki ya potashi kwa gramu moja ya mafuta.

#52 Yakhe_Gombani
Mie nina swali langu tangu post ya pili. DUMU.

#53 BintWete
Haya kaka Yakhe nimekusikia, nilikuwa naona aibu. Dumu nilinunua kwa jirani, nikadhani wewe unataka kusema lilikuwa la sabuni ya maji. Leo nimekwenda kumuuliza. Halikuwa la sabuni. Lilikuwa na mafuta yake ya nazi ya mwaka jana, yaliharibika akayamwaga, akalisuuza kwa maji ya kisima akaniuzia.

#54 KemiaMjini
Allahu akbar.

#55 MzeeWaMbata
Na wewe ulilikausha?